Mkono Uliofichwa Mwishoni mwa Sentensi

Siku niliyokabidhi funguo, mmoja wenu, makarani mnaonirithi, aliniuliza kama ninaweza kuwaachia kielelezo, ukurasa mmoja tu, cha jinsi ya kuandika maelezo ya maiti asiyejulikana. Nilikubali haraka, kama kawaida yangu, kisha nikakaa na ukurasa huo miezi minne. Nimeuchana mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kila nikiuanza, najikuta naandika habari za mkono mmoja wa kushoto. Basi niacheni niandike habari za mkono huo, na kielelezo mtakitafuta humo humo. Mimi nimestaafu. Wasiwasi wangu bado uko kazini.

Nilifika Eldoret nikiwa na kidato cha pili na sanduku la bati, nikapanga chumba mtaa wa Huruma pamoja na binamu yangu. Barua ya kazi ilisema “karani wa kumbukumbu”. Haikusema kumbukumbu za nani. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kiprono, mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mfupi aliyevaa buti za mpira hata wakati wa kiangazi. Alinionyesha kiti, meza na taipureta iliyokuwa imepoteza herufi moja ya kutosha kumtesa mtu kama mimi.

“Kaa hapo,” aliniambia. “Ukisikia kutapika, toka nje, tapikia upande ya kulia. Upande ya kushoto nimepanda sukuma wiki.”

Nilitapikia kulia siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilianza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliyekufa akiwa na jina, jina lake lilitosha. Asiye na jina, yule aliyeopolewa mto Sosiani, au aliyegongwa na lori kule Cheptiret, au aliyeokotwa asubuhi nyuma ya vibanda vya Langas, alipewa nambari na karatasi. Nilimtazama, nikaandika alivyo, nikapiga taipu, msimamizi wetu akatia sahihi, kisha karatasi ikabandikwa kwenye ubao kando ya lango. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: hakuna kuingia kutafutatafuta. Chumba kilikuwa kidogo, na mashine ya baridi ilikuwa na siku nyingi za kupumzika kuliko sisi. Jamaa alisimama kwenye ubao, akataja nambari, ndipo akaingizwa kumwona huyo mmoja tu. Wiki tatu zikipita bila mtu kutaja nambari, lori la baraza la mji lilikuja kuchukua. Kwa hiyo ile karatasi ndiyo iliyokuwa mlango. Hapakuwa na mlango mwingine.

Tena wengi waliofika langoni hawakujua kusoma. Aliyewasomea ni Shikuku, bawabu wetu, mtu wa kwetu upande wa magharibi, aliyeipenda sauti yake mwenyewe na kuisomea karatasi za wafu kama anayesoma tangazo la ndoa kanisani. Watu walimsikiliza wameinamisha vichwa. Mara tu kitu kimoja kilipokosa kulingana, walisema “Si wetu,” na Shikuku akarukia nambari inayofuata. Hakuna aliyengoja mwisho. Mtu anayemtafuta mpendwa wake mahali kama pale anaomba asimpate. Mpe sababu ndogo tu ya kuondoka, ataishika kwa mikono miwili. Nililijua jambo hilo ndani ya mwezi wangu wa kwanza. Tafadhali liwekeni akilini kwamba nililijua.

Karani aliyenitangulia aliacha karatasi tisa ubaoni. Zote zilikuwa na mwendo mmoja: “Maiti ni ya mwanamume. Maiti ni mtu mzima. Maiti ina urefu wa wastani. Maiti ina nguo.” Shikuku alizisoma kwa mpigo mmoja kama mtu anayepura mahindi, na hadi leo siwezi kuwatenganisha wale watu tisa akilini mwangu. Walikuwa wamekufa mara ya pili kwenye karatasi, wakazikwa kwa sentensi zilizopangwa kama matofali.

Hakuna aliyenifundisha kuandika vinginevyo. Nilijifunza kwa jirani. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa mbao, na Jumapili jirani alifungulia redio mpira wa miguu. Mtangazaji alikuwa na sentensi zilizokimbia na mpira: anautoa huyu, anampa yule, anamzunguka beki, anaingia ndani, bado anao, bado anao. Halafu: goli. Neno moja, na Huruma nzima inasimama. Nilianza kuchora kwenye daftari jinsi alivyofanya. Ndefu, ndefu, fupi. Wakati mwingine alianza na fupi ili ushtuke, ndipo akakueleza ilivyokuwa. Binamu yangu aliamini nimepata mchumba ninayemwandikia barua. Sikumkanusha, mchumba angekuwa aibu ndogo kuliko ukweli.

Majaribio yangu ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha, kama ninaruhusiwa kulitumia neno hilo. Niliandika juu ya bikizee mmoja: “Nywele zake nyeupe zimesukwa mistari sita na mtu aliyempenda.” Nikamsomea Mzee Kiprono kwa fahari. Yeye alisoma kwa shida, lakini hakuna jicho lililojua kutazama mtu aliyelala kama jicho lake.

“Hiyo ya kupenda umeiona wapi?” aliuliza.

“Kwenye ususi, Mzee. Umetulia.”

“Ususi ni mistari sita. Andika sita. Kupenda, wacha mwenyewe akuje nayo.”

Nikaifuta. Nilikuwa mtu wa kufuta; ningeweza kuirudia karatasi yote kwa sababu ya koma moja. Lakini polepole nilipata mkono. Niligundua kwamba cha kwanza kwenye sentensi ya kwanza hakipaswi kuwa kile kinachoonwa na karani, bali kile ambacho jamaa angekitambua akiwa amefumba macho. Karatasi ya mwanamke mmoja wa Langas niliianza hivi: “Kandambili yake ya kulia imeshonwa kwa waya wa shaba.” Ndipo nikafuata na sentensi ndefu ya gauni, leso na urefu. Mume wake alisimama ubaoni asubuhi ileile. Shikuku hakumaliza hata mstari.

“Huo waya ni mimi nilishona,” mwanamume yule alisema, akaketi chini kwenye udongo wa murram.

Siku hiyo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilirudi mezani nikiwa nimefurahi.

Kisha akaja nambari kumi na saba.

Aliletwa mchana, mvua ikinyesha, na Landrova isiyo na maandishi ubavuni. Wanaume wawili walimbeba. Wa tatu alibaki ukumbini akiongea na msimamizi kwa sauti ya chini. Hawakuwa na fomu, walikuwa na kijikaratasi kilichosema ameokotwa kando ya barabara. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, ndani ya koti kubwa la kahawia ambalo mabega yake hayakulijaza. Mzee Kiprono aliuinua mkono wa kushoto ili nione. Kidole cha mwisho hakikuwepo, kimekatika toka shinani, na ngozi ya pale ilikuwa laini na ya kung’aa kama ya kovu la miaka mingi. Juu kidogo, kwenye kifundo, palikuwa na mstari mwembamba umezunguka. Mkono wa kulia pia ulikuwa nao.

“Hiyo ya kidole ni ya zamani,” Mzee alisema, akiurudisha mkono taratibu kama anayeweka yai. “Hiyo ya waya ni ya wiki hii.”

Ninyi mmezaliwa baadaye, kwa hiyo niseme kidogo. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, na kila mtu alikuwa na jirani ambaye siku moja hakuonekana, na ukiuliza unaambiwa amesafiri. Hukuuliza mara ya pili. Ulianza kuwaogopa hata watu wanaokusalimia vizuri.

Msimamizi aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye jasho kwenye mdomo wa juu siku ya baridi.

“Huyo kumi na saba, andika kawaida tu. Na mikono usiiguse.”

“Lakini bwana, kidole chake hakipo. Hiyo ndiyo alama.”

“Nimesema mikono. Mtu akiangalia kidole, macho yake yataishia wapi?” Akafunga kalamu yake, akaifungua. “Nafula, mimi nina watoto.”

Nilirudi kwenye taipureta yangu. Hapa ndipo ninapowaomba msinionee huruma, kwa sababu sikufanya nilichofanya kwa woga peke yake. Nilikifanya kwa ujuzi. Nilikuwa nimemchunguza msimamizi jinsi anavyosoma: alisoma mstari wa kwanza, akautazama wa pili, akatia sahihi. Basi nikaamua kutunga sentensi moja ambayo jicho lake lingechoka kabla ya kuimaliza. Niliiandika mara kumi na moja. Ninaikumbuka yote.

“Mwanamume kijana, mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kahawia la sufu lililochanika kwenye bega la kulia na kushonwa kwa uzi mweusi, koti lenye vifungo vitatu ambavyo viwili ni vya pembe na kimoja ni cha plastiki, juu ya shati jeupe lisilo na kola na suruali ya kijivu iliyokunjwa chini mara mbili, akiwa hana viatu, nywele zikiwa laini na zimekatwa karibuni, meno yakiwa kamili na yenye madoa ya hudhurungi, ilhali katika mkono wa kushoto kidole cha mwisho hakipo tangu zamani.”

Alitia sahihi. Macho yake hayakuvuka vifungo.

Niliona nimeshinda. Nilimsomea Mzee Kiprono nikitabasamu, na yeye akasikiliza mpaka mwisho akichokonoa udongo kwenye buti.

“Umefungia mbuzi ndani ya nyumba,” alisema, “halafu umefunga mlango.”

“Mlango upo, Mzee. Uko mwisho.”

“Nani anafika mwisho?”

“Anayempenda atafika.”

Alichukua ndoo akaenda zake.

Mama Halima alifika siku ya tisa. Sikumwona siku hiyo, nilimsikia tu. Dirisha langu lilikuwa hatua chache kutoka kwenye ubao. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa na duka la vitambaa mjini, na kwamba mwanawe Yusuf alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya kwenda kaskazini. Shikuku alikuwa kwenye sauti yake ya ndoa. Alimaliza kumi na sita, akaingia kumi na saba.

“Mwanamume kijana, mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kahawia la sufu…”

“Koti?” sauti ya mwanamke ilimkatiza. “Kijana yangu hana koti. Yeye ni mtu ya lori, anavaa jaketi ya jinzi.”

“Niendelee, Mama? Bado iko mingi.”

“Ya nini? Huyo si yangu. Alhamdulillahi.”

Wakati huo nilikuwa narudia karatasi ya kumi na nane kwa sababu ya herufi moja iliyokaa upande. Niliisikia ile Alhamdulillahi. Nilijua kwamba koti lile lilikuwa pana kuliko mabega yake. Nilikuwa nimelitazama kwa macho yangu nikajiuliza ni la nani, kisha koti nikaliandikia mistari miwili mizima na yeye mwenyewe nikampa maneno machache. Ningeweza kutoka nje nikasema, Mama, subiri, mwache amalize. Zilikuwa hatua kumi. Mlango wa msimamizi ulikuwa wazi. Nilimaliza mstari wangu, na herufi ikakaa vizuri.

Wiki tatu zilipotimia lori la baraza lilikuja. Walichukuliwa wanne siku hiyo, mvua bado ipo, na Mzee Kiprono akaenda nao kama alivyoenda na wote. Aliporudi alining’iniza koti lake la mvua, akasema tu kwamba shimo lilikuwa moja na refu.

Mama Halima alirudi yapata mwezi mmoja baadaye. Safari hii alikuja na bintiye Fatuma, msichana wa sekondari aliyevaa sare, na hakusimama ubaoni. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu.

“Kuna mtu ametoka ndani,” alisema, na sikuhitaji kuuliza ndani ya wapi. “Amekuja kwa duka yangu. Anasema alikuwa na Yusuf, na Yusuf alikuwa anatetemeka baridi, akampa koti yake. Ya kahawia. Nyinyi mlisoma koti ya kahawia.”

Nilitoa faili. Fatuma aliiweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, akaisoma kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. Koti. Bega. Uzi mweusi. Vifungo. Mama yake alikuwa ametazama pembeni, kwenye sukuma za Mzee Kiprono. Shati. Suruali. Viatu. Msichana alikuwa anaishiwa na pumzi na mimi nikaona, kwa mara ya kwanza, urefu wa kitu nilichokitengeneza. Alipofika mwisho alisimama kabla ya kulisema neno lenyewe, akamtazama mama yake. Kisha akalisema.

Mama Halima aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akakikunja kidole cha mwisho ndani ya kiganja.

“Mlango ya lori,” alisema. “Alikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimbeba mimi mpaka hospitali.” Akabaki ameukunja. “Nani ameandika hii?”

Shikuku, aliyekuwa amesogea, alitazama chini.

“Ni mimi, Mama,” nilisema.

“Kidole umeweka mwisho kwa nini?”

Nilimwambia. Nilimwambia yote, mlango wa msimamizi ukiwa wazi vilevile kama siku ile: waya, amri, jinsi nilivyopanga maneno. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Kwa hiyo ulificha ndio mkubwa yako asione.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na mimi ulitaka nione?”

“Ndiyo.”

“Siku hiyo nilikuwa hapo.” Alionyesha ubao. “Ulinisikia?”

“Nilikusikia.”

“Mbona hukuniita?”

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu zuri kuliko nililompa. Nilimwambia nilikuwa narekebisha herufi.

Fatuma alianza kulia. Mama yake hakulia. Aliomba apelekwe alipo, na Mzee Kiprono akavua aproni, akatuongoza kwa miguu mpaka makaburi ya baraza, sisi watatu nyuma yake kwenye matope. Pale alipotusimamisha palikuwa na mtaro uliofukiwa, mrefu, udongo umetitia katikati. Vijiti vya nambari havikuwepo. Watu walikuwa wameshavichukua kuni.

“Ni hapa,” Mzee alisema. “Walikuwa nne. Yeye ni ya pili au ya tatu. Siwezi danganya, Mama.”

Mama Halima alinigeukia mimi, si Mzee.

“Alilazwa vipi?”

Wafu wa baraza walilazwa wote namna moja; nilimtazama Mzee Kiprono, naye akaitikia kwa kichwa. Nilijua anachouliza. Kwao maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, na kutoka Eldoret kibla ni kaskazini. Sisi hatukuwa tumejua dini yake. Hakuna aliyetuambia, na karatasi yangu haikumfikisha mtu wa kutuambia. Nilihisi sentensi ndefu inanijia kooni, yenye mvua ndani yake, na haraka ya wale watu wa lori, na sanda ya hospitali, na sheria ya wiki tatu, na jinsi ambavyo laiti tungejua. Ilikuwa imeshajipanga.

“Chali, Mama,” nilisema. “Kichwa kikiwa upande wa barabara.”

“Kumbe kifupi unakijua,” alisema Mama Halima.

Tangu siku ile nilianza kila karatasi na alama, sentensi moja fupi, na chochote kirefu kikafuata baadaye. Msimamizi alizikata alama alizoziogopa; nilizipiga upya zikiwa mahali palepale, mstari wa kwanza, akakata tena, na kuna siku alichoka kabla yangu. Sentensi ndefu si dhambi, msinielewe vibaya. Itumieni kwa nguo, kwa hali ya hewa, kwa mahali alipookotwa. Lakini kabla hujaipanga, jiulize unayetaka achoke njiani ni nani.

Mama Halima aliomba kibali cha kufukua, amgeuze mwanawe, basi. Hakuomba sababu ya kifo wala jina la mtu. Ofisi moja ilimtuma kwa nyingine, na kila moja ilimuuliza atathibitishaje kwamba maiti ni yake, naye akatoa karatasi yangu, yenye sahihi na muhuri, na kuwaonyesha mahali pa kusoma. Mwanzoni alikuja kwangu kila mara alipokataliwa, kunijulisha tu, amesimama dirishani bila kuketi. Baadaye alikuja Fatuma. Kisha akawa anakuja Fatuma na watoto wake, kibali kikiwa bado hakijatoka. Wanasimama kwenye ule mtaro, wanaomba wakielekea kaskazini, kwa sababu yule wa pili au wa tatu, aliye chini yao, bado anatazama juu.